Ripita ni nini? Redio na televisheni za ridhaa katika milima ya Upare

Ukitoka Same mjini kwa barabara kuu kwenda Makanya na Hedaru, milima ya Upare ya Kusini inakuwa mkono wako wa kushoto. Ukitoka kwa barabara ya Kisiwani kwenda Maore, Ndungu na Kihurio, milima ni ileile, ila sasa iko mkono wa kulia. Watu wa barabara hizi mbili wako wilaya moja, lakini kwa mawimbi ya redio ni kama wanaishi nchi mbili. Katikati yao kuna ukuta ambao kilele chake cha juu, Shengena, kina mita 2,462 kutoka usawa wa bahari.

Kwenye kipindi chetu kuna maswali mawili yanayorudi kila mara. La kwanza: kwa nini redio koli mbili zinaongea vizuri hapa mjini, lakini zikitenganishwa na mlima zinakuwa kimya? La pili linatoka kwa vijana wanaopenda ufundi: je, tunaweza kuweka mtambo wetu mlimani urudishe sauti, au hata picha, upande wa pili?

Makala haya yanajibu yote mawili. Jibu fupi ni kwamba ufundi wake unajifunzika, kibali chake ni cha lazima, na faida yake kubwa inaonekana siku ile mtandao wa simu unapokatika.

Redio ya ridhaa ni nini?

Neno ridhaa tunalijua kwenye michezo. Mchezaji wa ridhaa anacheza kwa kupenda, hachezi kwa mshahara. Redio ya ridhaa ni vivyo hivyo. Kanuni za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mawasiliano, zinaitambua kuwa ni huduma ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya majaribio ya kiufundi, kwa watu walioidhinishwa na wasiotafuta fedha. Mwanaridhaa hatangazi biashara, na hatumi ujumbe kwa mafumbo ili wengine wasielewe. Anayoyasema hewani yeyote anaweza kuyasikia, na ndivyo inavyotakiwa.

Kila mwenye leseni anapewa alama yake ya herufi na namba, ambayo ndiyo jina lake hewani. Enzi za ukoloni, alama za Tanganyika zilianza na VQ3, za Zanzibar VQ1, za Kenya VQ4 na za Uganda VQ5. Baada ya uhuru Kenya ikachukua 5Z, Uganda 5X, na sisi 5H. Kwa hiyo ukisikia mtu anajitaja kwa alama inayoanza na 5H3, jua anazungumza kutoka Tanzania.

Wanaridhaa wana masafa yao waliyotengewa. Yako masafa mafupi, ambayo huruka hadi anga za juu na kurudi chini, na kwa hayo mtu wa Same anaweza kuongea na mtu wa Japani bila mtandao wowote katikati. Yako pia masafa ya juu zaidi kwa mazungumzo ya karibu. Katika ukanda wa ITU tuliomo sisi Waafrika pamoja na Ulaya, yanayotumika zaidi ni megahezi 144 hadi 146, na megahezi 430 hadi 440. Ni hayo ya karibu ndiyo yanayogonga mlima.

Kwa nini mlima unakata mawimbi?

Mawimbi ya megahezi 145 yana tabia inayofanana na ya FM tunayorushia matangazo yetu. Husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kama mwanga wa tochi. Hupinda kidogo kwenye kingo za milima, hugonga mawe na kurudi, lakini hayawezi kupenya kilomita kadhaa za mwamba. Nyuma ya mlima kunabaki kivuli.

Hata pasipo mlima, dunia yenyewe ni mviringo na ina mwisho wa upeo. Mafundi wana hesabu nyepesi ya kuukadiria: chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.12. Jibu ni kilomita ambazo antena hiyo inaweza kuona.

Mtu aliyeshika redio koli usawa wa mita 1.5 anaona kama kilomita 5. Wawili wakiwa kwenye tambarare tupu wanaweza kufikia kama kilomita 10, na kwenye miti na nyumba ni pungufu ya hapo. Sasa chukua antena iliyo kwenye bega la mlima, mita 1,000 juu ya tambarare. Hesabu ileile inatoa kilomita 130. Redio ni ileile na betri ni ileile. Kilichobadilika ni mahali antena iliposimama.

Ndiyo maana mlima ule unaotukata unaweza pia kutuunganisha. Aliye chini yake unamzuia, na mtambo ulio juu yake unaona mbali kuliko mnara wowote tunaoweza kuujenga mjini.

Ripita inavyofanya kazi

Ripita ni redio mbili zilizofungwa pamoja mahali pa juu. Moja inasikiliza, nyingine inarudia kwa nguvu kile kilichosikika, papo hapo. Kwa mfano, inasikiliza kwenye megahezi 145.000 na kurusha kwenye 145.600. Tofauti hiyo ya megahezi 0.6 ndiyo inayotumika katika ukanda wetu wa ITU. Redio ya mtumiaji inapangwa kinyume chake: inarusha kwenye 145.000 na kusikiliza kwenye 145.600.

Kwa nini masafa mawili? Sisi watangazaji tunalijua jambo hili kwa njia ya karaha. Ukisogeza maiki mbele ya spika, unapata mlio wa kupasua masikio, kwa sababu maiki inasikia sauti iliyotoka kwayo yenyewe na kuirudisha tena na tena. Ripita ikisikiliza na kurusha kwenye masafa yaleyale itajiziba hivyohivyo. Na hata yakiwa mawili tofauti, nguvu ya kirushio inaweza kuzamisha sauti ndogo inayotoka kwenye redio koli iliyo kilomita 60. Hapo huwekwa vichujio, mitungi ya chuma inayopitisha masafa yanayotakiwa na kuzuia mengine. Fundi anayeanza hushangaa kuona mitungi hiyo ni mikubwa kuliko redio zenyewe.

Kitu cha tatu ni toni. Ripita nyingi hazifunguki mpaka zisikie mlio mdogo wa chini uliochanganywa na sauti yako, kwa mfano wa hezi 88.5. Bila toni hiyo, kelele yoyote ya hewani ingeifanya ripita irushe ovyo usiku kucha na kumaliza betri.

Mahali pa kuiweka panataka kufikiriwa vizuri. Ukiiweka kwenye ukingo unaotazama Makanya, watu wa Ndungu wataendelea kukaa kivulini. Kilele kinachoona pande zote mbili ni bora, lakini vilele vya namna hiyo mara nyingi viko ndani ya hifadhi. Msitu wa Chome unaouzunguka Shengena ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na huwezi kupanda huko na kuchimba shimo la nguzo. Njia nyingine ni ripita mbili ndogo, moja kila upande, zilizounganishwa kwa kiungo cha redio. Na vijiji vilivyo kwenye mikunjo ya ndani ya milima vinaweza kuhitaji cha kwao.

Umeme: usidanganywe na jua la Same

Hapa mjini jua halina shida. Juu milimani mambo ni mengine, kwani kipindi cha mvua ukungu unaweza kukaa siku kadhaa bila kuondoka.

Tuchukue mfano wa ripita ndogo ya wati 25 inayotumia umeme wa volti 12. Ikiwa inasubiri tu, tuseme inakula nusu ampea. Ikiwa inarusha, tuseme inakula ampea 6. Kama inarusha dakika 12 katika kila saa, wastani wake ni ampea 1.6. Betri ya ampea-saa 100, ambayo hushauriwi kuishusha chini ya nusu, itakupa saa 31 hivi bila jua. Ukitaka mtambo usimame siku 3 za ukungu, unahitaji betri 3 za namna hiyo.

Hesabu hii ifanywe kabla ya kununua chochote, kwa sababu siku za ukungu na mvua nyingi ndizo hasa ambazo ripita inahitajika. Mtambo unaozimika siku ya pili ya mvua ni mapambo. Ongeza hapo nguzo iliyofungwa vizuri na waya wa kupeleka radi ardhini, maana kitu kirefu cha chuma juu ya mlima kinaita radi.

Na picha je? Televisheni za ridhaa

Wengi wakisikia ripita ya televisheni wanafikiria kuchukua chaneli za kawaida na kuzirusha kijijini. Hiyo si televisheni ya ridhaa. Hiyo ni utangazaji, ina leseni zake na ina wenye haki zao, na leseni ya ridhaa haikupi ruhusa hiyo.

Tunajua kwa nini wazo hilo linawajia watu. Zamani za analojia, mtu wa bondeni alifunga antena kwenye mti mrefu, akaweka busta, akatazama taarifa ya habari katikati ya chenga. Dar es Salaam ilizima analojia tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine ikafuata. Dijitali haina chenga. Mawimbi yakitosha, picha ni safi. Yakipungua kidogo, picha inakatika vipande vya mraba, inaganda, kisha king'amuzi kinaandika kwamba hakuna mawimbi. Kwa hiyo aliyekuwa akitazama kwa chenga bondeni alijikuta hana kitu kabisa. Suluhisho lake ni dishi, au kirushio cha ziada cha mwenye leseni ya kurusha matangazo.

Televisheni ya ridhaa ni kitu kingine: ni wewe mwenyewe kutuma picha ya kamera yako kwa mwanaridhaa mwenzako. Uingereza kuna klabu ya wapenzi wa kazi hii, BATC, iliyoanzishwa mwaka 1949, na huko kuna ripita za picha zinazofanya kazi kama zile za sauti: zinapokea kwa masafa fulani na kurusha kwa mengine. Tatizo lake ni nafasi hewani. Mazungumzo ya sauti ya redio koli yanatosha kwenye kilohezi 12.5. Chaneli moja ya televisheni ya kawaida inachukua megahezi 8, yaani mara 640. Ndiyo maana televisheni ya ridhaa inaishi kwenye masafa ya juu sana, ya gigahezi, ambako nafasi ipo lakini mlima unakata vikali zaidi.

Kwa wanaoanza, kuna njia ya gharama nafuu inayoitwa SSTV. Hii inatuma picha moja isiyotembea kwa kuigeuza kuwa milio ya sauti. Kwa mfumo uitwao Robot 36, picha moja ya rangi inachukua sekunde 36. Kwa kuwa ni sauti tu, inapita kwenye ripita ya kawaida ya mazungumzo. Anayepokea anaweza kusogeza simu yake karibu na spika ya redio, na programu ya bure iliyo kwenye simu ikachora picha mstari kwa mstari. Picha ya daraja lililokatika inaweza kufika mjini kwa njia hiyo bila neti hata kidogo.

Ripita iliyo utosini

Ipo ripita ya ridhaa ambayo milima ya Upare haiwezi kuizuia, na tayari inaonekana kutoka uani kwako. Tarehe 15 Novemba 2018, setilaiti ya Qatar iitwayo Es'hail-2 ilirushwa kutoka Florida, Marekani. Ndani yake kuna mtambo wa wanaridhaa, unaojulikana kwa jina la QO-100, uliofanikishwa na chama cha wanaridhaa wa Qatar na wenzao wa Ujerumani wa AMSAT-DL. Ni wa kwanza wa ridhaa kwenye setilaiti inayokaa mahali pamoja angani, kama zile za ving'amuzi vya dishi. Afrika yote inaiona, pamoja na Ulaya, Uarabuni, India na sehemu ya Brazili.

Setilaiti hiyo iko nyuzi 25.9 mashariki. Mafundi wa dishi watanielewa haraka: Azam iko nyuzi 7, DStv iko nyuzi 36, hii iko katikati yao. Kutoka Same, inakuwa juu kama nyuzi 75 kutoka upeo wa macho, upande wa magharibi ukielemea kaskazini kidogo. Hiyo ni karibu na utosini. Hata aliye kwenye bonde jembamba anaiona.

Inasikiliza kwenye gigahezi 2.4 na kurusha chini karibu na megahezi 10,490. Ina sehemu mbili. Sehemu nyembamba ni ya sauti na mosi, na LNB inahitaji volti 13. Sehemu pana, ya megahezi 8, imetengwa kwa televisheni za kidijitali za wanaridhaa, na LNB inahitaji volti 18. LNB ya kawaida, lile jicho la mbele ya dishi, inashusha masafa hayo hadi karibu megahezi 740. King'amuzi cha kawaida cha dishi huanzia 950, kwa hiyo hakitaona kitu. Lakini kidude cha USB kinachogeuza kompyuta kuwa redio kinafika 740 bila shida. Dishi kuukuu la sentimita 90 lililotupwa nyuma ya nyumba linatosha kuanza kusikia sauti za watu wa nchi na nchi.

Zaidi ya hiyo, kituo cha anga za juu cha kimataifa, ISS, nacho kina redio ya ridhaa. Kikipita juu yetu, kwa muda usiozidi dakika 10 hivi, wanaanga wakizungumza au kutuma picha za SSTV husikika kwenye megahezi 145.800.

Siku mtandao unapokatika

Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, udongo uliporomoka katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, hapa wilayani kwetu, ukaua zaidi ya watu 20. Tarehe 3 Desemba 2023 matope kutoka mlima Hanang' yaliifunika Katesh, na waliokufa walikuwa zaidi ya 80. Anayeishi mlimani anajua mambo haya hayaji peke yake. Nguzo ya umeme inaanguka, barabara inakatika, na mnara wa simu unabaki na betri yake ambayo ina mwisho.

Wanaridhaa wamewahi kuziba pengo kama hilo. Desemba 2004, Bharathi Prasad wa India alikuwa na wenzake visiwa vya Andaman, wameenda kwa ajili ya ridhaa tu, kuongea na dunia kutoka mahali pasiposikika mara kwa mara. Tarehe 26 tsunami ikapiga, ileile iliyofika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Simu zilikatika, na redio zao zikageuka kuwa njia ya kupitisha taarifa za waliopona na misaada iliyohitajika. Walikuwa wamepeleka mitambo, antena na uzoefu kabla ya siku yenyewe.

Uzoefu huo ndio usioweza kununuliwa siku ya maafa. Kwenye ripita anaongea mmoja kwa wakati mmoja. Watu 20 wakipaza sauti pamoja, hakuna anayesikika. Kwa hiyo vikundi vya ridhaa hufanya mazoezi ya kila wiki: mmoja anaongoza, wengine wanaitwa kwa zamu, na kila mmoja anasema kwa kifupi yeye ni nani, yuko wapi, kimetokea nini na kinahitajika nini.

Sheria inasemaje?

Msimamizi wa masafa nchini ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoanza mwaka 2003, na sheria kuu ni Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Redio koli kuuzwa dukani hakukupi haki ya kurusha nayo. Leseni ya ridhaa inatolewa na TCRA, na kwa sisi wa Kilimanjaro ofisi ya karibu ni ya Kanda ya Kaskazini, Arusha. Ripita nayo iombewe kibali chake, kwa kuwa inakalia masafa mahali pamoja muda wote.

Sababu yake si urasimu. Mtambo uliotengenezwa vibaya hutapika mawimbi nje ya masafa yake. Marubani wanaokwenda KIA wanazungumza na mnara kwenye megahezi 118 hadi 137, jirani kabisa na FM na si mbali na 145. Kirushio cha kienyeji kilichofungwa kwa kubahatisha kinaweza kuingia humo bila mwenyewe kujua.

Pa kuanzia

Anza kwa kusikiliza. Pata dishi la zamani au redio ya kupokea tu, na jifunze kutofautisha sauti, mosi na milio ya picha.

Tafuta wenzako. Mwalimu wa fizikia, fundi wa redio na fundi sola wakikaa pamoja tayari ni kikundi.

Nendeni TCRA mkiwa kikundi, mkaulize masharti ya leseni kabla ya kununua chochote chenye uwezo wa kurusha.

Pimeni kabla ya kujenga. Mkishapata leseni, mmoja apande mlimani na redio koli, wengine wakae Hedaru, Same na Ndungu, kila mmoja aandike anachosikia. Siku moja ya kupima namna hiyo itawaonyesha mahali pa ripita kuliko ramani yoyote.

Mwisho, ongeeni mapema na serikali ya kijiji na kamati ya maafa ya wilaya, ili mvua kubwa ikija, wajue kuna watu wenye redio, na wawe wanajua wanawapataje.